Tairi la Motokaa: Ni Nani Alitazamaye?

Katika viungo vyote vya motokaa hakuna kimoja kifanyacho kazi nzito na kupata shukrani chache kama tairi. Mwenye gari huisifu injini yake kwa nguvu, huipangusa bodi kila asubuhi mpaka ikang'aa kama kioo, na huwaonyesha rafiki zake viti vipya na redio. Lakini ukimwuliza juu ya hali ya matairi yake, mara nyingi atainama kwanza kutazama ndipo akujibu. Huko kuinama ni ushahidi kwamba alikuwa hajatazama kwa siku nyingi.

Jambo hili lastahili kuzungumzwa hasa na sisi tukaao Mombasa. Kisiwa chetu ni kidogo. Kutoka Ngome ya Yesu hadi Makupa hapafiki kilomita tano. Barabara zimejaa watu na magari, na katika Mji wa Kale njia ni nyembamba hata mkokoteni na tuktuk vikikutana hapana budi mmoja arudi nyuma. Kwa sababu hiyo wako wengi wasemao, "Gari langu halitoki kisiwani. Hutoka nyumbani likaenda Marikiti, likatoka Marikiti likaenda Mwembe Tayari, tena polepole. Matairi haya, ingawa yamekwisha kidogo, yatanifaa mwaka mwingine."

Maneno hayo yaonekana yana busara, lakini yana makosa matatu, nayo yafaa yatazamwe moja moja.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mwendo wa pole haumdhuru tairi. Kweli, mwendo wa kasi hulitia tairi joto. Lakini vichochoro vya Mji wa Kale hulidhuru kwa njia nyingine. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na pembe zake ni kali. Dereva apitaye Ndia Kuu au Kibokoni akitaka kumpisha mwenziwe hukwaruza ubavu wa gurudumu ukutani, au hupanda juu ya ukingo wa mawe kisha akashuka kwa kishindo. Kila kishindo cha namna hiyo huzibana nyuzi zilizomo ndani ya mpira kati ya jiwe na chuma cha rimu. Huenda zisikatike siku ile, lakini zimekwisha kudhoofika, na jicho haliwezi kuona.

Kosa la pili ni kusahau hali ya hewa yetu. Jua la pwani na joto lake huukausha mpira hata kama gari limesimama tu. Ukitazama ubavu wa tairi lililokaa juani miaka mingi utaona nyufa ndogo ndogo kama zile za ardhi ya kiangazi. Na hewa ya bahari yenye chumvi huila rimu ya chuma kwa kutu; kutu ikiingia mahali mpira unapokutana na chuma, upepo huanza kupotea kidogo kidogo bila ya mtu kujua.

Kosa la tatu ndilo kubwa: kisiwa kina mwisho. Gari lisilotoka kisiwani leo litatoka kesho, kwa sababu kuna arusi Kisauni, au maziko Likoni, au mgonjwa wa kupelekwa bara. Na kila atokaye kisiwani kwa gari hukutana mara moja na mambo mengine kabisa. Akivuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la zamani lililoelea juu ya maji tangu 1931, huingia barabara pana ambapo magari yaenda mbio. Akipita Makupa, huchanganyika na malori mazito ya bandarini yaendayo Changamwe na Mariakani. Akielekea Likoni kwa feri, hana budi kuuteremka ule mteremko wa kivukoni, ambao mwisho wake umelowa maji ya bahari na wapita watu kwa mamia wakienda kwa miguu. Mahali hapo si mahali pa kujua kwa mara ya kwanza kwamba tairi halishiki tena.

TAIRI LAFANYA KAZI GANI?

Ili tuelewe kwa nini tairi laweza kuua, yatupasa kwanza tujue kazi yake. Sehemu ya tairi igusayo barabara wakati wowote ule haizidi sana kiganja cha mkono wa mtu mzima. Basi motokaa yenye uzito wa zaidi ya tani moja, pamoja na watu waliomo na mizigo yao, hushikwa na nchi kwa viganja vinne tu. Tuktuk hushikwa na vitatu, tena vidogo zaidi, na kimoja katika hivyo ndicho kionyeshacho njia. Breki, hata ziwe nzuri namna gani, haziwezi kulisimamisha gari. Breki husimamisha gurudumu tu. Kilisimamishacho gari ni tairi linapoishika barabara. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja, na mtoto atokeaye kati ya magari mawili hampi dereva sekunde nyingi za kufikiri.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba kinacholibeba gari si mpira, bali ni upepo uliomo ndani yake. Mpira na nyuzi zake ni kama mfuko tu wa kuuzuia upepo ule. Watu wa zamani hawakuwa na msaada huo. Hapa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa walipanda vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, na magurudumu yake yalikuwa ya chuma. Huko Marekani Charles Goodyear alikuwa amegundua mwaka 1839 kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti na kutiwa moto huacha kunata na huwa mgumu wenye kunyumbuka. Mwaka 1845 Robert Thomson, mtu wa Uskochi, aliandikisha serikalini fikira ya gurudumu lenye upepo, lakini watu hawakuijali. Ilikuwa mwaka 1888 ndipo John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alipofunga mipira yenye upepo kwenye baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu ili isimtikise. Tangu hapo dunia nzima ikaanza kusafiri juu ya upepo.

Basi ikiwa upepo ndio ubebao, kuupima upepo ndiyo kazi ya kwanza ya mwenye gari.

UPEPO

Tairi hata likiwa zima halina tundu hupoteza upepo wa ratili moja au mbili kila mwezi. Ndiyo maana yafaa lipimwe kila juma kwa kipimo cha upepo, wala si kwa kulipiga teke. Teke haliwezi kutofautisha ratili 20 na ratili 30, na tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

Motokaa ndogo nyingi huhitaji upepo wa ratili 30 hadi 35 kwa kila inchi ya mraba, lakini kipimo cha haki ni kile kilichowekwa na waliolitengeneza gari lenyewe. Hicho huandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, au katika kifuniko cha tangi la mafuta, au katika kitabu cha gari. Nambari kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi sicho kipimo cha kujazia. Ni mpaka ambao haifai kuupita.

Pima asubuhi kabla gari halijaenda popote. Tairi likikwisha kutembea huingia joto, na upepo uliomo hufura, basi kipimo kitakudanganya. Dereva apimaye saa nane mchana baada ya kutoka Mtwapa, akaona upepo umezidi, akaupunguza, atakuta kesho yake asubuhi kwamba tairi lake limelegea.

Tairi lililolegea lina hatari kuliko lililozidi. Kila linapozunguka hukunjwa ubavuni na kukunjuliwa, mara maelfu kwa kila safari, na mkunjo huo huzaa joto ndani ya mpira, kama vile waya hupata joto ukiukunja na kuukunjua kwa vidole. Joto likizidi, mpira huachana na nyuzi, kisha tairi hupasuka, na mara nyingi hupasuka pale gari lilipo katika mwendo mkubwa na mzigo mzito. Watu husema, "Tairi limepasuka ghafula." Kwa kweli halikupasuka ghafula, lilikuwa likipasuka tangu siku nyingi, ila hakuna aliyelitazama.

MENO NA MIFEREJI

Kazi ya pili ni kutazama uso wa tairi. Ile mifereji iliyochongwa usoni haikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyapa maji njia. Mvua za masika zikinyesha, na maji yakatuama barabarani kama ijulikanavyo na kila mtu apitaye katikati ya mji mwezi wa Mei, tairi lenye meno huyasukuma maji pembeni na kuishika lami. Tairi la kipara haliwezi kuyaondoa maji yote. Likienda mbio hupanda juu yake, likaelea kama mtumbwi. Hapo usukani huwa mwepesi mkononi, breki hazijibu, na gari huenda litakako lenyewe.

Tairi jipya la motokaa ndogo huwa na mifereji ya kina cha karibu milimita 8. Ndani ya mifereji hiyo watengenezaji huweka vigingi vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilika hata ukalingana na vigingi hivyo, tairi limekwisha, na hapana la kusemezana. Uingereza imeifanya milimita 1.6 kuwa mpaka wa sheria kwa motokaa ndogo tangu 1992. Lakini mwenye akili hangoji mpaka huo, kwa maana uwezo wa kuondoa maji hupungua sana kabla ya kuufikia.

Asiye na kipimo atumie njiti ya kiberiti. Njiti ya kawaida ina unene wa karibu milimita mbili. Ilaze ndani ya mfereji mkuu wa tairi, kisha pitisha kidole juu. Ikiwa kidole chagusa njiti kabla ya kugusa mpira, nenda ukatafute tairi jingine. Fanya hivyo mahali patatu: upande wa ndani, katikati na upande wa nje, kwa sababu tairi mara nyingi halilikii sawasawa.

Na namna linavyolika husema habari nyingi kwa ajuaye kusoma. Likiwa limelika katikati peke yake, upepo ulikuwa ukizidi. Likiwa limelika pande zote mbili na katikati kumebaki, upepo ulikuwa ukipungua. Likiwa limelika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyooka, nayo yapelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuyapima. Likiwa na mabonde na vilima kama barabara mbovu, basi springi na viungo vya chini vimechoka. Kuweka tairi jipya bila ya kuuondoa ugonjwa ulioliua la kwanza ni kutupa fedha baharini.

UBAVU NA UMRI

Kazi ya tatu hufanywa kwa jicho na mkono pamoja. Pitisha kiganja ubavuni mwa tairi, nje na ndani. Ndani ndiko kunakosahauliwa, nako huonekana usukani ukipindishwa hadi mwisho. Ukikuta uvimbe kama jipu, fahamu kwamba nyuzi zimekatika na upepo umezuiwa na ngozi nyembamba ya mpira tu. Tairi hilo halitengenezeki, wala halifai hata kwa akiba. Vivyo hivyo ukiona nyuzi zimechungulia, au mkato wa kuingiza ukucha. Msumari uliochoma usoni waweza kuzibwa na fundi mwema wa pancha, alivue tairi na kulitia kiraka kwa ndani. Lakini tundu la ubavuni haliponi, kwa sababu ubavu hukunjwa kila mzunguko na kiraka hakidumu.

Kazi ya nne ni kusoma umri. Ubavuni mwa kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna nambari nne zilizofungiwa mahali pake, mwishoni mwa maandishi yaanzayo kwa herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa hushauri kwamba tairi likipita miaka mitano litazamwe na fundi kila mwaka, na likipita kumi liondolewe hata kama meno yake bado ni marefu. Huu ndio mtego wa gari la nje. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa motokaa iliyotumika, mradi haijapita miaka minane. Gari hilo huteremka Kilindini liking'aa, na mnunuzi huona meno ya tairi yamesimama, akafurahi; kumbe tairi lina umri wa mwanafunzi wa shule na limekauka.

Nasi sote siku hizi ni wanunuzi wa matairi ya ng'ambo. Palikuwa na kiwanda cha matairi Nairobi, kilichoanzishwa na kampuni ya Firestone na baadaye kikawa cha Sameer Africa, ambacho matairi yake ya Yana yalijulikana na kila dereva. Lakini mwaka 2016 kazi ya kutengeneza matairi hapo ilikoma. Kwa hiyo mnunuzi hana budi awe msomaji. Aisome tarehe, asome uzito ambao tairi laruhusiwa kubeba, wala asitosheke na maneno ya mwuzaji.

Na ajihadhari na hila moja. Wako wauzaji ambao huchukua tairi la kipara wakalichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto, kisha wakalipaka rangi nyeusi. Kwa mbali laonekana jipya. Mnunuzi atie kidole ndani ya mfereji: asipovikuta vile vigingi vya milimita 1.6, au akikuta vimekatwa, au akiona nyuzi chini ya mfereji, basi amekwisha kumjua mwuzaji wake. Mfereji uliochongwa hivyo hauongezi mpira. Huupunguza mpira mwembamba uliobaki juu ya nyuzi.

Kazi ya tano ni gurudumu la akiba. Hilo hukaa gizani mwaka mzima, na siku ya shida huonekana halina upepo. Lipimwe pamoja na yale mengine, na jeki na spana zitazamwe kama zipo. Kazi zote tano, kwa mtu aliyezizoea, hazipiti dakika kumi kwa juma.

RAHISI HUWA GHALI

Hapa ndipo msomaji atakapouliza: fedha ziko wapi? Swali hilo ni la haki. Maisha ni ghali, na mwenye tuktuk hajui kesho atapata nini. Lakini na tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei za dukani kwake. Tuseme tairi jipya lauzwa shilingi 8,000 na litakwenda kilomita 40,000. Hapo kila kilomita imegharimu senti 20. Tuseme tena la mtumba lauzwa shilingi 3,000, na kwa kuwa limekwisha kulika litakwenda kilomita 10,000 tu. Kila kilomita imegharimu senti 30. Aliyenunua rahisi ndiye aliyelipa zaidi, tena bado hatujahesabu pancha za njiani, siku za kazi zilizopotea, wala bei ya jambo lisilo na bei.

Jambo hilo lisilo na bei tunalijua sote. Katika kila mmoja wa miaka 2021, 2022 na 2023 barabara za Kenya zilichukua roho za watu zaidi ya 4,000. Si wote waliokufa kwa sababu ya matairi. Wengi walikufa kwa mwendo wa kasi, kwa ulevi, kwa usingizi, au waligongwa wakivuka kwa miguu. Lakini usingizi wa dereva ni vigumu kuuona asubuhi kabla ya safari, na tairi bovu laonekana na kila mwenye macho. Ajali iwezayo kuonekana kabla haijatokea ndiyo yenye fedheha kuliko zote.

NI NANI ALITAZAMAYE?

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Watu wengi hapa mjini wayajua haya niliyoyasema. Fundi wa pancha ayajua kuliko mimi. Kwa nini basi matairi ya vipara yaendelea kuzunguka kutoka Mlango wa Papa hadi Tudor, na kutoka Ganjoni hadi Majengo?

Sababu ni kwamba gari la biashara lina wakubwa wengi na tairi lake halina mwenyewe. Tajiri mwenye tuktuk au matatu hukaa nyumbani akingoja hesabu yake ya jioni. Akiiona imetimia, hudhani kila kitu ni salama. Dereva huliona tairi, lakini huogopa kulitaja, kwa maana amemwona mwenziwe aliyelalamika akinyang'anywa ufunguo na gari likapewa mwingine asiyelalamika. Utingo hudhani ni kazi ya dereva. Fundi hutia kiraka alichoambiwa, akapokea fedha yake, wala hasemi kwamba tairi lote limeoza, asije akaambiwa kwamba atafuta kuuza. Mkaguzi wa serikali hulitazama gari la biashara katika ukaguzi wa mwaka, na wako watu ambao huazima matairi mazuri kwa siku ile moja, kisha huyarudisha. Naye abiria hupanda akiwa na haraka zake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Nasi twaona kwamba pasipo hata nahodha mmoja huenda vibaya zaidi.

Katika Bandari ya Kale, chini ya kuta za mji, wazee wetu walikuwa na desturi nyingine. Jahazi lilipofika mwisho wa safari zake lilipandishwa pwani, likalazwa ubavu, likakwanguliwa. Nahodha mwenyewe alikwenda nalo ubao kwa ubao, akatazama pamba ya kalafati ilikotoka, akaitia mpya, kisha mbao zikapakwa sifa. Hakuwaachia mabaharia wadogo peke yao kazi hiyo, wala hakusema, "Safari hii ni ya karibu, kalafati itangoja." Alijua kwamba bahari haiulizi safari ni ndefu au fupi, yatafuta tundu tu. Barabara nayo ni vivyo hivyo.

Basi shauri langu ni kwamba kila gari liwe na nahodha mmoja wa matairi, naye ajulikane kwa jina. Tajiri na waafikiane na dereva tangu siku ya kwanza: ni siku gani ya juma tutapima upepo, ni nani atakayetia njiti mferejini, na fedha za matairi zitawekwa wapi. Tajiri akitenga shilingi chache kila siku katika hesabu yake, tairi jipya halitamjia kama msiba. Na dereva apewe ruhusa iliyo wazi ya kulisimamisha gari akiona uvimbe au nyuzi, bila ya kuogopa kupoteza kazi. Tajiri asiyetoa ruhusa hiyo asiseme baadaye kwamba yaliyotokea ni majaliwa.

Abiria naye ana sehemu yake. Kabla ya kupanda, hasa safari ya mbali ya Malindi, au Lungalunga, au Nairobi iliyo mbali karibu kilomita 480, haimpotezei kitu kutupa jicho chini. Akiona uso wa tairi umekuwa laini kama yai, na aseme kwa adabu, na asipanda. Dereva asiyewajali wakubwa huwajali abiria, kwa sababu kiti kitupu ni fedha iliyopotea. Vijana wengi wamefundishwa kumwambia dereva apunguze mwendo. Na wafundishwe pia kutazama matairi kabla mwendo haujaanza.

TAIRI LILILOKWISHA

Limebaki neno moja, nalo ni la tairi lililostaafu. Si kweli kwamba tairi likiondolewa garini thamani yake imekwisha. Mafundi wetu hulikata wakatengeneza viatu vya akala, ambavyo ndugu zetu wa Tanzania huviita katambuga, navyo hudumu kuliko viatu vingi vya dukani. Mahamali huyatumia magurudumu ya kale katika mikokoteni yao, ambayo mwendo wake ni wa binadamu. Wenye vyombo vya baharini huyaning'iniza ubavuni ili chombo kisigongane na gati. Hizo zote ni kazi za heshima kwa mzee aliyestaafu. Lisilo la heshima ni kumrudisha mzee huyo vitani, kwa kulihamisha tairi kutoka gari la tajiri hadi gari la maskini, na kutoka gari la maskini hadi tuktuk ya watoto wa shule.

Wala lisitupwe uani. Tairi wazi hukinga maji ya mvua na kuyaficha jua, na mbu yule mwenye madoa meupe, aumaye mchana, hapendi mahali pa kuzalia kuliko hapo. Mji wetu uliona homa ya dengi mwaka 2013, na chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018, watu wakashikwa na maumivu ya viungo hata wakashindwa kushika kikombe. Tairi bovu likishindwa kukuua barabarani laweza kukungojea nyuma ya nyumba. Litobolewe maji yapite, au likatwe, au lipewe mwenye kazi nalo.

Ndugu msomaji, kama una gari, tuktuk au pikipiki, au kama mwanao ndiye dereva, usiyaweke maneno haya kwa ajili ya juma lijalo. Kesho asubuhi kabla jua halijapata nguvu, chukua kipimo cha upepo na njiti moja ya kiberiti, uzunguke gari lako gurudumu kwa gurudumu, nje na ndani, na la akiba usilisahau. Kisha ulizana na wenzako swali lililo juu ya makala hii, wala msiondoke mpaka mmoja wenu amejibu, "Ni mimi."